Ua Moja Kabla ya Kahawa

Lærdal, Norwe,
14 Mei 2019.

Mpendwa dada yangu Gudveig,

Habari za huko Winnipeg? Magoti yanaendeleaje baada ya baridi ile? Naomba barua hii ikukute unatembea bila fimbo. Sisi huku hatujambo. Theluji imebaki vileleni tu, na mitufaha imeanza kutoa maua.

Najua umeninunia. Barua yako ya Krismasi ya mwaka juzi sijaijibu hadi leo. Nisamehe, dada, sina kisingizio.

Synne, mjukuu wangu, alipata kipaimara Jumapili. Unakumbuka alipokuwa na miaka kumi nilimwahidi kumshonea bunadi, lile gauni letu la asili la maua ya kudarizi, aivae siku hiyo, nawe ukatuma pambo la fedha la Mama alivae kifuani. Pambo lilifika salama. Gauni lilibaki kabatini miaka minne, kitambaa na nyuzi mfukoni, na kila wiki nilisema nitaanza Jumatatu.

Oktoba iliyopita nilimsikia akimwambia mama yake jikoni, "Mwombe binamu Ragna aniazime lake tu. Bibi hamalizi lile, si unamjua?" Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mimi niliona kabisa namkosa wangu.

Nikaenda kumlilia jirani yangu Oddny. Unavyomjua, hakunibembeleza.

"We Torbjørg, wewe na kesho mlifunga ndoa lini? Mbona hatukualikwa?"

Kisha akavuka barabara hadi kwangu, akachukua birika langu na kopo la kahawa, akaondoka navyo. "Ukitaka kahawa, njoo kwangu na ua moja ulilodarizi asubuhi hiyo. Moja tu. Nani kakudai gauni?"

Wiki ya kwanza nilimchukia. Siku ya tatu nilimpelekea ua la jana. Akaligeuza nyuma, akatazama nyuzi, akajua si la asubuhi hiyo, akanirudisha kutoka mlangoni bila kahawa, kichwa kinaniuma. Lakini ua moja halimshindi mtu. Kufika Desemba nilikuwa nadarizi matatu kabla sijaikumbuka kahawa, na moyo wangu ukawa mwepesi kama zamani.

Uvivu ulinisaidia mara moja tu: sketi sikuwa nimeikata. Ningeikata wakati ule, leo ingemwishia magotini, maana amerefuka kuliko baba yake. Usinicheke.

Sikumwambia Synne neno. Asubuhi ya Jumapili nikalitandika gauni kitandani mwake. Alipotoka amelivaa, ameshika pambo la Mama kifuani, akaniuliza, "Bibi, kwa nini hukuniambia?" Nikamjibu ukweli, kwamba niliogopa kumwahidi tena. Akanikumbatia mpaka pambo likanichoma shingoni. Nimefurahi, dada. Nimefurahi mno.

Picha yake nimeiweka humu ndani. Tazama kifuani, utamwona Mama.

Wasalimie sana shemeji Alf na mwanao Berit. Oddny naye anakusalimu, anasema bado ana sindano yako. Mungu akutunze na akuongezee miaka, tuonane tungali na meno ya kucheka.

Sasa ni saa tatu asubuhi, na birika langu bado liko kwa Oddny. Leo sikudarizi ua, nimekuandikia wewe. Nakwenda posta kwanza, ndipo nikanywe kahawa.

Mdogo wako akupendaye, hata akichelewa,
Torbjørg