Patrobas Amtafutia Moto Mzee Kweyu

Junaid, weka chai chini! Patrobas ameharibu posa yake Makongeni saa hii hii!

Si alienda kujitambulisha kwa Mzee Kweyu, babake Nekesa, msichana anayetaka kumuoa? Akapata jenereta ya kale imekataa kuwaka. Mkwe mtarajiwa akakunja mikono ya shati: "Ni pointi, baba, zile za kutoa cheche. Shika waya ya plagi tuone kama moto wa umeme unafika."

Akavuta kamba ya kuwashia. Wapi!

Akazipiga pointi msasa, akapima mwanya ulio kati yake kwa kipande cha kadi ya harusi, akavuta tena kwa nguvu zote.

Junaid, mzee alikuwa BADO ameshika waya!

Ameshika! Aliruka mpaka kwa banda la kuku! Na Patrobas anashangilia, "Moto iko, baba! Iko!"

Mzee akajibu kutoka kwa kuku: "Moto iko. Mkwe hakuna."