Vidonge vya Chini

Jumanne, Julai. Baridi imekaa mabegani tangu asubuhi, na manyunyu hayajaamua kama yawe mvua au yaache.

Swali ambalo limenisumbua tangu chuo kikuu ni dogo kiasi kwamba naona haya kulitaja. Neno la mahali linapoandamana na jina katika Kiingereza, linatuambia kitu kiko wapi, au linamwambia msomaji atazame wapi? "The flat upstairs." "The shelf below." "The examples above." Kwa miaka mingi nimelichukulia kuwa swali la watu wenye nafasi ya kukaa na kuwaza.

Sasa limemkosesha mtu kazi.

Siku za kazi mimi husahihisha ripoti za watu wengine katika ofisi moja ya Westlands. Jumapili, ibada ikiisha, hufundisha Kiingereza katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, Kangemi. Wanafunzi wangu ni wafanyakazi wa nyumbani, walinzi, na fundi mmoja wa mabomba. Wengi wao hupanda kila asubuhi kwenda Kitisuru, kwenye nyumba ambazo maagizo huachwa kwa maandishi mlangoni mwa friji.

Mwezi uliopita niliwafundisha kwamba Kiingereza, ambacho kwa kawaida hutanguliza sifa na kuchelewesha jina, mara nyingine hugeuka na kusema kama sisi: jina kwanza, mahali baadaye. Nyumba ya juu, "the flat upstairs". Rafu ya chini, "the shelf below". Nilijifurahia mno siku hiyo. Niliwaambia, "Hapa Kiingereza kimekuja nyumbani. Neno la mwisho ndilo linalokamilisha maana. Fuateni Kiswahili chenu, hamtapotea."

Baba Shiru, ambaye ni mlinzi, hakungoja kuruhusiwa. "Kwa hivyo mwalimu, 'the guard outside' ndio mimi?"

"Ndiyo, ni wewe."

"Ai! Kumbe hata kwa grammar wamenifungia nje!"

Darasa zima lilicheka. Ndanu alicheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, kisha akainama na kuandika. Yeye huandika kila ninachosema. Ni mama wa makamo kutoka Kitui, na kwa miaka kumi na moja amefanya kazi katika nyumba moja ya Kitisuru, akimtunza bibi kizee wa familia ya Kihindi ambaye kila mtu hapo nyumbani, Ndanu akiwamo, humwita Ba, neno lao la kumwita mama.

Wiki mbili zilizopita, mke wa mwana wa Ba, ambaye Ndanu humwita Madam, aliondoka mapema na kuacha karatasi kwenye friji. Iliandikwa: "Please give Ba the tablets below after breakfast." Chini ya sentensi hiyo palikuwa na majina mawili marefu ya dawa.

Kabati la dawa la nyumba hiyo lina rafu mbili.

Ndanu alisoma akaelewa: vidonge vya chini. Alichukua vilivyokuwa rafu ya chini. Yale majina mawili aliyadhani ni vitu vya kununua, kwa sababu kila karatasi ya nyumba hiyo huishia na orodha ya vitu vya kununua. Akaikunja, akaitia kwenye pochi ili apitie duka la dawa. Rafu ya chini ilikuwa na dawa za presha ambazo daktari alikuwa amezisimamisha. Ba alizimeza bila swali, kwa kuwa aliyempa ni Ndanu. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameanguka kwenye sakafu ya jikoni.

Ba ametoka hospitali. Anakula, anatembea. Ndanu aliambiwa asirudi.

Ijumaa alinipigia simu. "Mwalimu, twende uwaambie. Wewe unajua kusema. Uwaambie hiyo karatasi ilisema chini, na mimi nikatoa za chini."

Leo niliomba ruhusa ya nusu siku. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu. Ningeeleza kwamba "below" katika sentensi ile haliegemei vidonge bali linaegemea karatasi. Kwamba Kiingereza huacha kusema "vilivyotajwa hapa" na kumwachia msomaji ajaze mwenyewe. Hata nikiwa njiani nilianza kujipinga. "Vya chini" nacho kinaficha vilevile. Mimi ndiye niliyewapa kauli hiyo, fupi na tamu, wakati "vilivyo" na "vilivyotajwa" vilikuwapo na vingewalinda. Basi huenda kosa si la Kiingereza hata kidogo.

Madam alitupokea barazani. Alituletea chai kwa mkono wake mwenyewe na akanisikiliza bila kunikatiza hata mara moja.

"Mimi sina ubaya na Ndanu," alisema. "Watoto wangu amewalea yeye. Lakini niambie kitu moja tu, mwalimu. Anaelewa Kiingereza, ama haelewi?"

Nikisema anaelewa, basi alizembea. Nikisema haelewi, basi hafai kuachwa peke yake na mgonjwa na karatasi. Jibu la tatu lilikuwapo, fupi na la kweli: anaelewa nilivyomfundisha, na nilimfundisha nusu. Ndanu alikuwa ananitazama, mikono ameipakata.

Nikasema, "Inategemea."

Madam akaweka kikombe chini. "Kwa dawa ya mama, siwezi kukaa na inategemea." Hakusema kwa ukali. Ningekuwa yeye, ningesema hivyo hivyo.

Tulipokuwa tukisimama, sauti ya Ba ilitoka ndani, nyembamba. "Nani huko? Ndanu amekuja? Mwambie alete maji moto."

Ndanu alirekebisha leso yake, akashuka ngazi.

Tuliteremka kwa miguu. Kando ya barabara mipapai na michongoma ilikuwa imelowa. Kisha alisema, bila kunigeukia, "Mwalimu, si ungesema tu ni wewe ulikosea? Wewe hawangekufuta."

Niliendelea kuteremka.

"Unajua zamani nilikuwa napiga simu?" aliendelea. "Karatasi ikinishinda, napigia Madam namwambia, 'Hebu nisomee hii.' Anacheka, ananisomea. Kutoka nianze class nikaona aibu. Mtu wa class anauliza nini tena?"

Tulipofika njia panda ya kwao alifungua mkoba wake, akatoa daftari la mazoezi lenye jalada la karatasi ya khaki. "Shika hii kitabu. Wacha mimi nirudi kuuliza watu."

Nililipokea. Sijui kwa nini nililipokea.

Daftari liko mezani mbele yangu. Nimeufungua ukurasa wa Jumapili ile. "The flat upstairs." "The shelf below." "The guard outside", na pembeni amechora kijisura kinachocheka. Na chini kabisa ya ukurasa, kwa mwandiko wake ulionyooka, amepiga mistari miwili chini ya neno moja: Hamtapotea.

Ninajaribu kupima nilichofanya barazani. Huenda nilisema "inategemea" kwa sababu ndio ukweli, na kwa sababu nimelelewa kielimu kutosema zaidi ya ninachoweza kuthibitisha. Huenda nilisema hivyo kwa sababu sikutaka kuonekana, mbele ya mwanamke yule mwerevu, kuwa mwalimu aliyefundisha vibaya. Siwezi kuamua ni lipi kati ya hayo, na najua sababu ya kutoweza kwangu: ninalipima jambo hili kwa mizani ile ile ya kusitasita iliyomponza Ndanu. Mizani haiwezi kujipima yenyewe.

Hata lile swali langu la zamani silijibu tena. Neno linaloandamana na jina linaonyesha mahali pa kitu, au mahali pa kutazama? Ndanu alikuwa na jibu bora kuliko langu kabla sijamfundisha. Alikuwa akiuliza.

Namba ya Madam ninayo. Nilimwomba Ndanu tangu Ijumaa. Ujumbe ninaopaswa kumtumia hauzidi sentensi moja. Nimeuandika mara tatu jioni hii na kuufuta mara tatu, kwa sababu kila nikiusoma upya nakuta neno limejisogeza na kukaa mwishoni, palepale ambapo niliwaambia wanafunzi wangu kuwa ndipo maana hukamilika.

Nilimfundisha nusu, labda.