Redio Yangu na Mvua ya Kitangari

Mjukuu wangu Hamisi, shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako mzima, anauliza kama unakula.

Unauliza mtu atajuaje mawimbi ya redio yanatoka wapi kwa kusikiliza tu. Umemuuliza fundi mwenyewe! Wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuja Newala, nilikuwa nikimposa bibi yako. Korosho za baba yake zilianikwa uani. Radi ikipiga, redio yangu inakwaruza, nami nahesabu mpaka ngurumo. Hesabu ikazidi kupungua, yaani radi inasogea.

“Mzee, anueni, mvua hiyo!”

Ukoo mzima ukaanua mbio. Mvua ikanyesha Kitangari, mji wa jirani; kwetu hata tone.

“Kijana, umbali umeujua,” mzee akasema. “Upande je?”

Binti yake, ndiye bibi yako, akacheka. “Baba, redio moja haitoshi. Mimi nitasikilizia kwa shangazi, Kitangari, kisha tulinganishe hesabu zetu.”

Hiyo sayansi yenu, sisi tuliifungia ndoa.

Babu yako