Machozi Meupe ya Kumzika Marube

Jumapili. Mvua imeanza alasiri kama kawaida yake, na mabati yanapiga kelele kuliko dada yangu Kemunto.

Shajara, huku kwetu Keumbu mvua haikosi. Ukichomeka fimbo ardhini, kesho inaota majani. Mahali pekee ambapo hapajanyesha mwaka huu ni ndani ya macho yangu mawili, mimi Oseko, niliyemtazama chui bila kupepesa.

Leo nimeamka kope zimegandana kama bahasha iliyolambwa. Nikizifungua nasikia mchanga. Herufi za simu zinaogelea, lakini nitaandika hivyo hivyo, kwa maana nisipoandika mimi wataandika wao, na nimeshasikia wanavyosema. Tangu Alhamisi, kutoka stendi yetu mpaka kwa wakwe zetu kule Nyamira, mimi siitwi Oseko tena.

Naitwa Maziwa.

Mwanamume mzima, mwenye mashamba na mvi. Maziwa.

Wacha nianze pale lilipoanzia. Macho yalipoanza kuwaka, mimi nilisema ni uchovu, yameona mengi. Marube, kaka yangu mkubwa, ndiye aliyenivuta kwa mkono wa shati mpaka kliniki ya macho Kisii mjini. Daktari ni msichana, anaweza kuwa binti yangu. Akakunja vikaratasi viwili vyembamba akanichomeka ndani ya kope za chini, vikaning'inia mashavuni kama ndimi za mbuzi. "Tulia hivyo, mzee," akasema. Marube alicheka mpaka akatolewa nje.

Alipovivuta vilikuwa vikavu. Kavu kabisa.

"Mzee, macho yako hayatoi machozi ya kutosha. Ndiyo maana yanachoma," akasema. Akaniandikia dawa ambayo huwezi kununua bila karatasi yake: vichupa vya plastiki vidogo kama jino la mtoto. Unakata kichwa, unatia tone, unatupa. Na dawa yenyewe si maji. Ni nyeupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Akanionya. "Hii haileti machozi leo wala kesho. Inalifundisha jicho litoe yake lenyewe. Itakuchoma. Asubuhi na jioni, kwa miezi, na usizidishe."

Mtu mwingine angeficha ugonjwa. Mimi siku ya soko nilipanda juu ya mikungu yangu ya ndizi nikawatangazia. Niliwaambia karatasi ya daktari ilitoka kavu, ungeweza kuandikia mtihani juu yake. Niliwaambia madaktari waliitana kutoka Kisumu kuja kunitazama. Niliwaambia machozi yangu yalikauka siku ile juu ya miamba ya Manga, nilipokutana na chui tukatazamana kutoka umande mpaka kengele ya mchana, mpaka yeye akapepesa kwanza, akaona aibu, akaenda zake.

Hapo, kama kila siku tangu tukiwa vijana, Marube akapaza sauti kutoka kwa muuza viatu. "Huyo alikuwa mbwa! Mbwa wa mwalimu mkuu! Na alikuwa amefungwa!"

Soko lote likalala chini kwa kicheko. Mimi si mtu wa kushindwa kwa maneno. Nikatafuta neno la kumzidi, na likaja upesi, kama matusi yanavyokuja. "Cheka tu. Mimi sina machozi. Hata wewe ukifa, Marube, sitatoa tone."

Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. "Basi nitakufa nione," akasema.

Watu wa soko husahau deni. Neno hawasahau.

Sasa nikuambie kitu ambacho hata Kemunto hajui. Dawa hiyo sikuwa najitia mwenyewe. Mkono huu uliokaba chatu kule mtoni ulikuwa unatetemeka mbele ya tone moja. Kwa hiyo Marube alikuwa akivuka shamba lake la chai kila asubuhi, buti zimelowa, ananilaza kwenye benchi nje ya jiko, ananishika kope kwa kidole gumba kilichokauka kwa kuchuma chai.

"Tazama juu. Juu, wewe omoisia, si kwa pua yangu."

Omoisia ni kijana ambaye hajatahiriwa. Mtu mwingine akiniita hivyo anaokota meno yake. Yeye alikuwa akiniita hivyo kila siku na mimi nalala tu, naangalia juu. Dawa ikiingia inachoma kama pilipili iliyotwangwa jana. Nakaza taya, kama tulivyofundishwa siku ya kisu. Yeye anasema, "Lia tu, hakuna anayeona." Na hakuna kilichotoka.

Jioni anarudi tena.

Halafu wiki iliyopita Marube akaanguka ndani ya chai yake, kikapu kikiwa mgongoni. Moyo, wakasema. Walipomgeuza alikuwa bado ameshika majani mawili na kichipukizi.

Mimi sikulia. Nisikilize vizuri, sikujikaza. Kifua kilikuwa kama kimekaliwa na ng'ombe, na huku juu hakuna kitu. Mawe ya mto wakati wa kiangazi.

Nyumbani kwa marehemu walinitazama usoni kama watu wanaokagua mbuzi. Kemunto, huyo analia kwa miadi. Gari likiingia langoni anapasuka, gari likizimwa anauliza kama chai imetiwa sukari. Katika uhai wa Marube hakumletea hata kikombe cha uji. Lakini ana machozi, na mwenye machozi msibani ni mfalme. "Mtazameni," akawaambia wageni, akininyooshea leso. "Aliahidi sokoni, na sasa anatimiza. Kuna ndugu mwenye neno kama huyu?"

Siku moja kabla ya mazishi, shemeji yangu Moraa, mke wa Marube, aliniita kando ya ghala. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Shemeji, watu wangu wa Nyamira wamesikia ulichosema sokoni. Wananiuliza kama ulisema hivyo ukijua kitu juu ya kifo chake."

"Shemeji, huo ulikuwa mzaha!"

"Kesho baada ya watoto, ni wewe unayefuata kutupa udongo na kufunga maneno kwa niaba ya nyumba hii. Mimi nakuambia hivi. Kama huwezi hata kumlilia, usiguse udongo wa mume wangu."

Kwetu ndugu anayemfuata marehemu akinyimwa udongo, amekwisha. Utaishi hapo hapo, utakula ndizi zako, lakini kila mtu atakupita kama mti. Na maneno ya kufunga nilikuwa nayo. Nilitaka kusimulia ile ya chui, mara moja ya mwisho, kwa ajili yake.

Basi akili yangu ikafanya hesabu ya darasa la saba, nilipoachia shule. Hii ni dawa ya machozi. Ukitia kidogo, yatakuja polepole. Ukitia nyingi, yatakuja mengi. Maneno ya yule msichana yote yalinitoka kichwani.

Alhamisi, jeneza likitolewa, mimi nilikuwa nyuma ya migomba, karibu na choo, chali kwenye nyasi zilizolowa, suti ya kuazima inanyonya matope. Nilikata vichupa kwa meno kimoja baada ya kingine, vyote vilivyokuwa kwangu, nikamimina. Nyingine iliingia puani. Shajara, nimeumwa na nyuki, nimekatwa na panga, nimewahi kuzuia lori kwa bega pale Keroka likirudi nyuma. Sijawahi kuchomwa namna hiyo.

Nilienda kaburini nimeinua uso, nikitembea kama mtu aliyebeba mtungi katika kila jicho. Watu wakanipisha. Nilipofika ukingoni nikainamisha kichwa.

Ikateremka.

Nilisikia mashavu yamelowa, na nakiri mbele yako, nilifurahi. Nilisema moyoni, Marube, unaona? Nimetoa tone. Nikainama, nikashika udongo.

Mama mmoja mzee wa upande wa Nyamira, wa kiti cha mbele, akapiga kelele. "Yesu wangu! Huyu analia maziwa!"

Mistari miwili myeupe, wanasema, kutoka machoni mpaka ndani ya masharubu, na kutoka masharubuni mpaka kwenye koti jeusi. Mtu mmoja akakoroma kwa pua, na kicheko kikashika kama moto wa mabua. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Mchungaji aliziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo, na mabega yake yalikuwa yanaruka. Simu zikainuliwa. Wengine hawakucheka, waliwavuta watoto wao nyuma ya sketi.

Kemunto alisahau kulia. "Si mlete sufuria," akasema, "akamuliwe, wageni wapate chai!"

Moraa hakucheka. Alizunguka kaburi la mumewe taratibu, akasimama mbele yangu, akanitazama ndani ya macho ambayo wakati huo yalikuwa mekundu kama tumbo la jiko. Akapitisha kidole shavuni kwangu. Akakiangalia. Sijui kama kuna mwingine aliyekuwa anaijua dawa hiyo.

"Hii ndiyo dawa aliyokuwa akikutilia yeye," akasema. "Unamlilia kwa hii."

Akapangusa kidole kwenye koti langu.

"Mtoeni."

Kaka zake wawili wakanishika makwapani. Mimi, niliyezuia lori. Miguu yangu ilikuwa inagusa chini hapa na pale tu. Waliniacha nje ya lango, na nilipotazama mkono, udongo wa Marube ulikuwa bado ndani ya ngumi. Nikautia mfukoni. Nilisikia majembe yakifukia bila mimi, na Kemunto amerudi kazini kwake.

Hayo yalikuwa Alhamisi.

Leo kabla ya mvua nilishindwa kukaa na kuta. Nikatembea mpaka stendi. Vijana wa bodaboda walikuwa wamejikusanya kwenye kibanda cha kinyozi. "Karibu, Mzee Maziwa," wakasema. "Lita ngapi leo?" Mmoja alinionyesha nikiwa kwenye simu yake. Nalia, nafuta, naanza tena kulia. Wamenitilia muziki.

"Basi tusimulie ile ya chui," wakasema.

Nilijua wananichezea. Lakini mimi sijawahi kunyimwa hadithi na wala sijawahi kumnyima mtu. Nikasimama. Nikawaweka juu ya miamba ya Manga, nikawaonyesha umande, nikawaonyesha mkia unavyopiga nyasi. Hata kinyozi alizima mashine. Nikafika pale tulipotazamana. Nikafika pale alipopepesa.

Nikanyamaza.

Pale huwa nanyamaza. Miaka yote huwa naacha nafasi pale, nashika kiuno, nangoja. Ndipo panapoingia sauti kutoka nyuma. Hadithi yangu imejengwa na nafasi hiyo ndani yake, kama nyumba ilivyo na mlango.

Leo nimengoja. Matone ya kwanza yakaanza kwenye bati.

"Endelea, mzee," kijana mmoja akasema. "Halafu?"

Hakuna aliyejua kwamba pale kuna kitu kinakosekana. Na mwingine, ambaye muda wote alikuwa akinicheka, akatikisa kichwa akamwambia mwenzake, "Kumbe huyu mzee alikutana na chui kweli."

Wameamini. Miaka yote nimetaka waniamini, na leo wameniamini wote.

Niliondoka bila kumaliza.

Nilipofika nyumbani nilimwona Moraa mgongo, anashuka kati ya chai, leso kichwani, mvua inampiga. Kwenye benchi nje ya jiko alikuwa ameacha kichupa kimoja. Marube alikuwa amekiweka akiba kwake, ndani ya mkebe wa majani.

"Shemeji!" nikaita.

Hakugeuka. "Kisikae nyumbani kwangu," akasema, na mvua ikamfunika.

Nikalala kwenye benchi peke yangu, ukingo wa bati ukinidondokea miguuni. Nikakata kichwa cha kichupa. Tone la kwanza likaingia sikioni. La pili likaenda masharubuni, ambako dawa imeshazoea. Nikajishika kope kwa kidole gumba changu mwenyewe, laini, cha mtu wa kuuza na kusimulia, nikajiambia kwa sauti, juu, tazama juu, si kwa pua.

Likaingia. Likachoma.

Nikangoja kuona kama kitakuja kitu. Hakikuja. Mvua tu, na mbuzi wa jirani analalamika.

Koti la watu limekauka kwenye kamba ya ndani. Kesho natakiwa kulirudisha, na kabla ya hapo lazima nitoe udongo mfukoni, na sijui niupeleke wapi, kwa maana kaburi limeshajaa. Kesho hiyo hiyo nitaenda Kisii kwa yule msichana, nimwombe vichupa vingine, nimwombe anifundishe jinsi mtu mmoja anavyojitilia. Ataniuliza yuko wapi yule mzee aliyekuwa akicheka. Naweza kumwambia lolote. Naweza kumwambia chui amemla, na ataniamini.

Nani sasa ataniambia alikuwa mbwa?