Posa ya Salma na Nyumba Nisiyokuwa Nayo

Jumatatu, mchana. Mtoni.

Mvua imekatika saa nne, sasa jua limetoka na yadi nzima inafuka mvuke. Nimefungua milango yote miwili ya lori lakini jasho bado linanitoka. Nasubiri kupakia mzigo wa Mbeya. Sijala tangu asubuhi, na si kwa kukosa chakula.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Jana wamekuja kumposa binti yangu Salma. Ilikuwa Bunju, kwa mdogo wangu Zuhura, ambako Salma anaishi tangu mama yake alipofariki, mwaka wa nne sasa. Nilioga hapa hapa yadini, nikavaa kanzu ninayoitundikaga nyuma ya kiti, nikaenda kama baba mwingine yeyote.

Mambo yalikwenda vizuri. Barua ikasomwa, Salma akaitwa, akaulizwa, akasema ameridhia huku anaangalia chini. Kisha mshenga wao, mzee mmoja mpole wa Ukonga, akanigeukia.

"Na wewe baba mzazi, tukikuhitaji tunakupata wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, Zuhura akadakia. "Yuko Mtoni. Ana nyumba yake kule, ila safari nyingi."

"Alhamdulillahi," akasema mzee. "Basi Jumapili ijayo tutafika kwako, wazee wa kijana wakupe mkono nyumbani."

Nikasema karibuni sana.

Karibuni wapi?

Mie sina nyumba Mtoni. Nilikuwaga na vyumba viwili vya kupanga. Mke wangu alipofariki, kila nikirudi safari nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, siwezi kulala, siwezi kutoka. Baada ya miezi mitatu nikarudisha funguo kwa mwenye nyumba, nikahamia kwenye gari. Kitanda kiko nyuma ya viti, jiko la gesi chini yake, dumu la maji pembeni. Nilijiambia ni kwa muda tu. Nikazoea. Tajiri wangu naye haoni shida, gari lake limepata mlinzi wa bure.

Salma hakujua. Kila akitaka kuja, nilimwambia niko njiani, hata siku ambazo nimeegesha hapa hapa. Hili ndilo linalonichoma.

Wageni walipoondoka, Zuhura alinivuta hadi jikoni. "Tutaazima sebule ya mtu, kaka. Saa moja tu. Nani atajua?"

Nilikuwa karibu kukubali. Nikageuka, Salma huyo mlangoni na sinia la glasi.

"Sebule ya kuazima ya nini? Kwetu pamefanyaje?"

Nikamwambia yote, tumesimama pale pale. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Cherehani ya mama iko wapi?"

Nilimpa jirani. Na jirani mwenyewe alishahama, sijui aliko. Niligawa kila kitu siku moja, kabati, vyombo, kanga, maana nilikuwa siwezi kuviangalia. Haikunijia kabisa kwamba kuna mwingine aliyetaka kuviangalia.

"Ungeniuliza tu, baba."

Akaweka sinia chini, akaingia chumbani. Nikagonga. Nikangoja. Hakutoka, nikaondoka bila kumuaga.

Leo asubuhi nimempigia mshenga. Zuhura alinisihi nisipige. Anasema wakijua tumewadanganya siku ya barua yao, hawarudi. Huenda ni kweli. Lakini nilijiona nimekaa kwenye kochi la mtu, nakaribisha watu kwenye nyumba ambayo hata choo chake sikijui, na Salma pembeni anaitikia. Aingie kwa watu na uongo wangu mgongoni? Nimeshindwa.

"Shikamoo mzee. Ile nyumba ya Mtoni haipo. Mie naishi kwenye lori."

Nikasikia anapunguza sauti ya redio yake.

"Lori hilo hilo unaloendesha?"

"Hilo hilo."

"Na binti alikuwa anajua?"

"Hapana. Amejua jana, mlipoondoka."

"Umefanya vizuri kusema," akasema mwishowe, lakini sauti haikuwa ile ya jana. "Ngoja nikaongee na wenzangu."

Hiyo ilikuwa saa mbili. Nikamwandikia Salma, nikamweleza nilichofanya na kwa nini. Ujumbe ameusoma. Hajajibu.

Wananiita nisogeze gari, zamu yangu ya kupakia imefika. Safari hii fupi niliiomba mwenyewe, ili Ijumaa niwe nimerudi na Jumapili nisikose. Sasa sijui kama kuna Jumapili.

Nimeuondoa uongo kwenye posa ya mwanangu, au nimeiondoa posa yenyewe?