Shuka la Saa Kumi na Robo

Nyumbani kwa Baba,
Nyuma ya Ofisi ya Umeme.
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe, baba watoto na wadogo zangu wote wawili. Goti lako limepona? Sisi hatujambo. Macho ya Baba bado yanamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Ndivyo alivyoniambia nikuandikie.

Nimemaliza shule, na tangu Agosti nina kazi ya muda kwenye Ofisi ya Umeme. Mimi ni karani wa mita. Kazi inanifaa kwa sababu mita hazinisalimii na kunitazama usoni zikisubiri nijibu. Usinicheke, bado ni yule Konokono uliyempa jina, anayejificha watu wakija.

Mashine ya dizeli ilizimwa Julai. Serikali imeamua kisiwa kisichome mafuta tena, na meli ya mafuta haiji. Juu ya mlima kuna mitambo mitatu ya upepo, na mapaa yana paneli za jua. Siku ya kuzima mashine watu walipiga makofi, kisha ule mngurumo tuliozaliwa nao ukakatika, na makofi nayo yakakatika. Mpaka leo watu hapa huongea kwa sauti kubwa, kama wanashindana na kitu ambacho hakipo. Mimi nasikia vitu vilivyokuwa vimefunikwa: maji ndani ya bomba, mlango wa jirani, nguo ikikunjuliwa chumba cha pili.

Shida ni kwamba paneli hazitoshi. Kwa hiyo imepitishwa sheria ambayo watu wanaiita sheria ya paa tupu. Nyumba ikikaa miezi sita bila mtu, paneli na betri yake vinahamishiwa kwa mwenye uhitaji. Karani huenda kuikagua nyumba, anajaza fomu, anatia sahihi. Fomu ina maswali mawili: Kuna anayeishi humu? Mwenyewe anatarajiwa kurudi?

Unajua nyumba ninayotaka kuitaja. Bibi alitutoka Aprili, na Oktoba miezi sita ilitimia.

Ofisini nakaa na mzee mmoja aliyeendesha mashine ya dizeli miaka thelathini. Tunamwita Mzee Mshale, kwa sababu alikuwa akiutazama mshale wa mtambo tu anajua nani amewasha nini. Utakumbuka zamani mashine haikuweza kubeba pasi zote kwa pamoja, kila nyumba ikapewa zamu yake. Zamu ya Bibi ilikuwa saa kumi na robo alasiri, dakika kumi na mbili. Hata alipowekewa paneli hakuibadilisha. Siku hizi Mzee Mshale anatazama mistari ya kompyuta, kila nyumba na mstari wake unaopanda ikitumia umeme, na bado anawatambua watu.

Basi siku moja mwanzoni mwa Oktoba mstari mmoja ukapanda, naye akasema bila kugeuka, “Huyo bibi yako keshaanza pasi yake.”

Nilicheka. Naye akacheka. Kisha nikasogeza kiti, tukautazama mstari ukikaa juu mpaka dakika kumi na mbili zikaisha.

Nilirudi nyuma kwenye kumbukumbu za mita. Shangazi, haikuwa siku moja. Ilikuwa kila siku tangu wiki ya mazishi.

Fundi aliomba ufunguo kwa Baba, akaenda akabadilisha mita. Mstari ukapanda. Akazima swichi kuu ukutani na kuifunga kwa utepe. Kesho yake, saa kumi na robo, ukapanda. Na pasi yenyewe haipo kule. Baba aliichukua, iko jikoni kwetu, ile ile yenye mpini uliofungwa kamba. Nilimwuliza kama kuna mwingine anayeingia nyumba ya Bibi. Akasema ufunguo ni mmoja na anaulalia. “Na usijaze huo upuuzi wenu wa paa tupu,” akasema. “Dada yangu atarudi akae wapi? Juu ya mti?”

Mkuu wetu wa ofisi hakutaka hadithi. Alisema, “Binti, mita haisemi uongo. Nyumba ikitumia umeme, ina mtu. Jaza hivyo, tuendelee na kazi.” Ningejaza hivyo, Shangazi. Ilikuwa njia rahisi, na Baba angefurahi.

Lakini alikuja yule mama mshonaji wa kule chini ya mlima, aliyekushonea gauni la safari. Nyumba yake jua linaihama saa nane, na betri yake ndogo haifiki asubuhi. Mtoto wake wa mwisho ana ugonjwa wa sukari, na dawa yake lazima ikae kwenye baridi. Hakugomba. Alifungua kitambaa, akaweka kichupa mezani kwangu.

“Cha pili hiki kuharibika,” alisema. “Niambie tu ukweli, mwanangu. Nipo kwenye orodha au mnanizungusha?”

Alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Aliyefuata kupewa ni yeye, kutoka paa la kwanza litakalokuwa tupu. Mzee Mshale akainama chini ya meza kana kwamba kuna kitu kimeanguka.

Jumatano nilimwomba Baba ufunguo nikaenda. Mzee Mshale alinisindikiza, ila akabaki barazani. Alisema magoti yake hayapendi ngazi, na ngazi zenyewe ni mbili. Vumbi lilikuwa limetanda kila mahali, kwenye kiti cha Bibi, kwenye saa, kwenye utepe wa swichi. Sakafuni hapakuwa na unyayo ila wangu na ule wa fundi. Nikafungua chumba chako.

Hakikuwa na vumbi. Kitanda chako kilikuwa kimetandikwa, shuka lile jeupe lenye ua pembeni, limenyooka halina hata mkunjo mmoja. Nilikuandikia Bibi alivyolipiga pasi kila siku miaka kumi na moja tangu usafiri, na Baba akimtania, “Mama, litaungua kabla mwenyewe hajalilalia.” Dirisha lilikuwa limefungwa, na chumba kile hakipati jua la alasiri. Nikaweka kiganja juu ya shuka. Lilikuwa na joto.

Sikukimbia. Na pale ndipo nilipojua kosa ni langu, na leo nakuungamia.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea Bibi barua zako. Miaka miwili iliyopita uliandika: “Mwambie mama kwa upole kwamba sitarudi tena kuishi huko. Maisha yangu yameshakuwa huku.” Nilifika kwenye mstari huo, nikainua macho, nikamwona amekaa ukingoni mwa kiti, mikono kwenye magoti. Nikasoma, “Nitarudi mwakani, Mungu akijalia.” Na barua zilizofuata nikafanya vivyo hivyo. Baba pia, tangu macho yake yaharibike, anakusikia kwa sauti yangu. Wewe ulisema ukweli wako. Mimi ndiye niliyeumeza.

Nilirudi nyumbani, nikaitoa barua ile kwenye kopo la barua zako. Alhamisi, saa kumi na robo kasoro dakika mbili, nilikuwa nimesimama kando ya kitanda chako. Unanijua, sijawahi kusoma mbele ya darasa bila kutetemeka. Niliisoma yote, kwa sauti, sikuruka hata nukta. Nilipofika mstari ule, nilisikia nyuma yangu sauti ya kitu kizito kikiwekwa chini taratibu, kama mtu aliyechoka kukishika. Sikugeuka. Nikasema, “Bibi, nisamehe. Shangazi haji. Paneli zinahitajika kwa mtoto mgonjwa. Ukimtamani sana, si lazima umngoje hapa. Mfuate.”

Nilipotoka, Mzee Mshale, aliyenisindikiza tena, alikuwa barazani na simu mkononi, akiongea na wa ofisini. “Mstari umelala,” alisema. “Ulipanda dakika nne, ukashuka.” Haujapanda tena mpaka leo.

Jioni ile nilimsomea Baba barua ile ile. Aliutoa ufunguo chini ya mto, akauweka mezani mbele yangu. Nikajaza fomu: Hapana, na Hapana. Ijumaa mafundi walihamisha paneli na betri, na jana mshonaji alinionyesha kichupa. Kina baridi kabisa, kinatoa jasho.

Nisamehe kwa kukujibia bila kukuuliza. Ukinikasirikia nitaelewa. Baba anasema atakuandikia mwenyewe, kwa mkono wake, hata kama mistari itapanda mlima.

Anakusalimu sana. Mama anakusalimu, na mdogo wangu wa mwisho anauliza kama theluji ina ladha. Mzee Mshale anakupa pole na salamu. Nisalimie baba watoto na wadogo zangu, waambie wajifunze maneno mawili matatu ya kwetu, hasa shikamoo. Huenda wakayahitaji karibuni. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akupe usingizi mwema.

Neno moja tu, Shangazi. Huko kwenu sijui saa kumi na robo yetu inakuwa saa ngapi. Lakini siku moja ukiingia chumbani ukakuta shuka limenyooka na lina joto, usiogope, na usilikunje haraka. Kaa kidogo juu yake. Amelisubiri sana hilo.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye hata nikinyamaza,

Konokono wako.