Hukumu Yangu juu ya Kisanduku cha Kalenga

Jumanne, mwezi wa saba. Baridi kavu, na vumbi jekundu limeingia hadi ndani ya kabati.

Nimeficha jambo moja kwa zaidi ya miaka thelathini: hukumu niliyoitoa juu ya kisanduku cha Kalenga ilikuwa ya uongo. Nilisema ni kibovu. Hakikuwa kibovu.

Ninaliandika hapa, kwenye ukurasa huu unaosomwa na watu wachache wa redio, kwa sababu mapafu yangu hayatafika msimu wa mvua. Daktari hakusema hivyo. Alisema nipumzike, kisha akatazama dirishani. Nimepima vitu vya watu maisha yangu yote. Najua fundi anavyokiangalia kitu kisichotengenezeka.

Kwa wasionijua: nilikuwa nikitengeneza visanduku vya kupatanisha antena, ambavyo hapa Lubumbashi tunaviita boîte d'accord. Redio isipopatana na antena yake, nguvu hurudi nyuma na kuichoma. Kisanduku hukaa katikati, kikaziunganisha mbili hizo kama mshenga mwenye subira. Misheni za porini na wapenzi wa redio wa mjini waliniletea vyao. Nilikuwa na diploma ukutani, na neno langu halikupingwa.

Kazi hiyo hufundisha kushuku. Kisanduku kinachokubaliana upesi na kila waya sikiamini. Mara nyingi kinameza nguvu chenyewe, na mshale wa kipimo unatulia kwa sababu hakuna kinachotoka. Baada ya dakika tano nagusa koili, ule waya wa shaba uliozungushwa ndani. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameniletea jiko. Nikiona rangi mpya juu ya kifuniko, natafuta kutu chini yake. Skrubu ziking'aa, najua kuna aliyefungua kabla yangu.

Basi leo asubuhi Kalenga aliposhuka kwenye pikipiki mbele ya lango letu, hapa Naviundu, akiwa na mfuko wa unga kwapani, nilishuku kabla hajabisha hodi.

"Vieux, mzee wangu, banasema uko unakufa. Sasa mbona unakunywa chai?"

"Nangojea weye utangulie."

"Miye? Ntakuzika, nikule bukari, ugali ya matanga, kisha njo nirudi Kambove."

Binti yangu Régine alicheka jikoni. Mimi nilikuwa naangalia mfuko.

Ndani yake kilikuwamo kisanduku kilekile. Nilikitambua kwa kifuniko chake, bati la bluu lililokatwa kwenye pipa. Kalenga alifanya kazi ya ishara za reli, hakuwahi kukaa darasani kusoma umeme. Alijifunza kwa kufungua vitu vilivyokufa. Koili hiyo aliifunga kwa shaba ya mota iliyoungua, akaisugua mpaka ikawa safi kama kikombe cha misa.

Akaniambia kwamba wapenzi wa redio wa mjini wamemwomba awatengenezee visanduku, kwa kuwa vya kununua haviwadumu.

"Nilibakatalia. Tangu ile siku sikutengeneza tena hata kimoja, unajua. Lakini banarudia, banarudia. Fungula, vieux. Uangalie muzuri, uniambie ni fasi gani nilikosea. Sipende kukosea tena. Ntarudi siku ya tano."

Siku ya tano ni Ijumaa. Akanywa chai, akanitania tena juu ya mifupa yangu, akaenda.

Sikuamini hata neno moja. Kwa nini leo, na si mwaka jana nilipokuwa na nguvu? Nani alimwambia ninakufa? Régine anasema hakumwambia mtu, lakini Régine husema hivyo kila mara. Labda Kalenga anajua kila kitu, na amekuja kunitazama usoni nikidanganya mara ya pili. Wakati wa kuaga alinishika mkono kwa muda mrefu. Nilihesabu hilo pia.

Alipoondoka nilifungua kifuniko. Skrubu nne zilinichukua karibu nusu saa.

Skrubu zilikuwa na kutu. Hakuna aliyezigusa. Koili imenyooka, kila mzunguko mbali na mwenzake kwa kipimo kilekile, imeshikwa na kauri. Mabamba ya kondensa hayajapinda. Uharibifu ni mmoja tu: swichi ya kuchagulia mizunguko ya koili, mguso wa nne, pale vipande vya shaba vinapokutana, ni mweusi, shaba imeyeyuka na kutiririka kama mshumaa. Masizi bado yapo. Fundi yeyote angeyafuta kwa kitambaa na spiriti, abadilishe mguso, akiwashe tena.

Yeye hakugusa. Nilifikiri: ameyatunza kama ushahidi. Nikakaa na wazo hilo saa nzima, nikilikasirikia. Lakini mtu mwenye ushahidi huupeleka mahali. Huyu alikiweka kisanduku kwenye mfuko wa unga kwa sababu mtu wa diploma alimwambia hakifai.

Aliniamini.

Siku ile ya hukumu misheni moja ilitaka kisanduku cha mfano kabla ya kuagiza vingine vya vituo vyake hadi Sakania. Desturi yetu ilikuwa kwamba mtengenezaji hakai chumbani kazi yake inapohukumiwa, asije akasaidia kwa mkono wala kwa jicho. Kalenga alingoja uani. Ndani tulikuwa wawili, mimi na frère mmoja mzee, bruda wa misheni, sasa ni marehemu. Yeye alikaa kwenye redio, akinipa kisogo, akibonyeza kitufe cha kurusha. Mahali pa antena nilifunga taa ya kawaida ya nyumbani, ili tuone ni nguvu kiasi gani inapita. Nilikuwa nimekwisha kupima kisanduku changu, kilichoshindania agizo hilohilo. Taa iliwaka hafifu, rangi ya machungwa, kisha nikaunganisha cha Kalenga.

Kitu cha kwanza anachofundishwa mwanafunzi ni kwamba swichi ya koili haigeuzwi redio ikirusha. Ukigeuza, cheche huruka na mguso huyeyuka. Niligeuza. Kukawa na mlio mfupi na harufu. Nikatoka uani nikamwambia Kalenga kwamba shaba yake ya jalalani haikustahimili.

Kwa padri niliungama kosa la mkono. Nilisema nilidhani frère ameachia kitufe. Mke wangu nilimwambia hivyohivyo, na yeye akafa akiniamini. Nimelisema mara nyingi hivi kwamba usiku mwingine nami nimeliamini.

Ijumaa Kalenga ataketi kwenye kiti kile na kuniuliza alikosea wapi. Nitamwambia hakukosea, awatengenezee wanaomwomba. Nitamwambia na hili, ambalo padri hakulisikia.

Taa ilikuwa mbele ya macho yangu. Kwa kisanduku chake iliwaka nyeupe, nikaiona, na ndipo nikageuza.